Dhamana ya Kiatu cha Kushoto

Kabla hujamhukumu mtu huyu, kubali kwanza kwamba alikuwa mchapakazi. Wengi hudhani tapeli ni mtu mvivu aliyekwepa jasho. Uongo mtupu. Siku alipompata Mama Buti, alikuwa ameshazunguka mtaa mzima wa mafundi ngozi kwa miguu, jua la utosini, suti mwilini, akisalimia kila mlango na kutafuta mtu mwenye shida. Kama kuna mwajiriwa wa serikali anayejituma kiasi hicho, mimi sijamwona.

Jina la Dhamana alipewa na wateja wake, wala si kwa mapenzi. Kila alichouza, kuanzia pasi mpaka jenereta, alikiuza na dhamana ya maisha, na dhamana hiyo ilikuwa na sharti moja tu: usikifungue. Ukikifungua, dhamana imekufa. Sasa, kwa kuwa kila alichouza kiligoma ndani ya wiki, mteja alilazimika kukifungua aone kulikoni, akakuta huko ndani mambo ya kusikitisha, na papo hapo akawa amejivua haki zake kwa mikono yake mwenyewe. Dhamana aliumia kila mara jambo hilo lilipotokea. Alisema watu hawana subira.

Karakana ya Mama Buti ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, ukuta umejaa kalibu za mbao zenye umbo la miguu, na nyuma pazia la magunia lililoficha ndoo ya kulowekea soli. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, buti limebanwa katikati ya magoti. Alitoboa soli kwa msharasi, akapitisha uzi wenye nta kutoka pande zote mbili, akauvuta mpaka mabega yakatetemeka. Kisha akaweka buti chini na kujaribu kukunjua vidole. Viwili vilikataa. Akavikunjua kwa mkono wa pili, kimoja kimoja, akaokota msharasi na kuendelea.

Dhamana, aliyekuwa amesimama kivulini ng'ambo ya barabara akijifanya anafuta jasho, aliviona vidole hivyo na moyo wake ukachangamka.

Ndani kulikuwa na mwanamume mwenye sauti kubwa kuliko chumba. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Buti, na kwa kuwa Mama Buti alimwita Shemeji, mtaa mzima nao ulimwita Shemeji, hata watu waliomzidi umri.

"Shem, oda ya wachimba mawe hatuimalizi kwa mkono," alikuwa akisema. "Wenzako watakunyang'anya. Na hivyo vidole vyako mwisho wa mwaka havishiki hata kijiko. Pesa ya mashine ipo. Inasubiri nini?"

"Inasubiri mashine," alijibu Mama Buti. "Hiyo ndiyo akiba yote ya nyumba hii. Nikiitupa kwenye mashine mbovu, sina nyingine. Tutafunga huu mlango, wewe urudi kubeba mizigo na mimi nirudi kwa kaka yangu kula vya kuomba."

Katika maneno yote hayo, Dhamana alisikia mawili: *pesa ipo*.

Aliondoka bila kusalimia. Kwa mshonaji mapazia mmoja alinunua cherehani ya nyumbani, kuukuu, iliyokuwa ikikohoa hata kwenye hariri. Akaipaka rangi ya kijani ya kijeshi. Akaifungia gurudumu kubwa lililotoka kwenye pampu ya maji. Halafu akaufungua upande wa chini na kuujaza saruji, kwa sababu alijua imani ya mtaa ule: mashine ya ngozi lazima iwe nzito. Mtu akiinyanyua akaguna, ameshanunua nusu.

Ngozi ya maonyesho ndiyo iliyompa kazi. Alichukua kipande kinene cha kutisha, akakitoboa kwa msumari wa moto, tundu baada ya tundu kwa mstari mmoja ulionyooka, akifuata hatua ya sindano. Kisha akayaziba matundu kwa nta na masizi yasionekane. Mgongo ulimuuma, macho yakamtoka machozi. Angeifanya kazi hiyo kwa mshahara, angekuwa fundi ngozi wa kuheshimika. Lakini neno mshahara lilimletea homa.

Mwisho akavaa viatu vyake, na hapa inabidi niseme siri ya mtu. Dhamana hakuziamini benki. Aliona zina watu wanaoongea vizuri mno, na yeye alijua watu wa namna hiyo walivyo. Akiba yake yote, matunda ya pasi na jenereta, ilikaa ndani ya kiatu chake cha kushoto, noti zimelazwa chini ya soli ya ndani, na yeye mwenyewe ameishona juu yake kwa uzi wa mapazia. Alilala na kiatu hicho. Mvua ikinyesha, aliruka madimbwi kwa mguu wa kulia.

Mashine ilifika karakanani juu ya mkokoteni. Shemeji alikimbilia kuipokea, akainyanyua, akaguna, akashika kiuno.

"Shem!" aliita, uso umemkunjamana kwa maumivu na furaha. "Hii ndiyo yenyewe! Mgongo wangu umekubali!"

"Msiiite cherehani," alisema Dhamana, akiifunua kitambaa polepole. "Cherehani ni ya mapazia. Huu ni mtambo. Jina lake Kifaru."

Mama Buti hakuitazama. Ana tabia moja ambayo wote wa kazi yake wanayo: hamwangalii mtu usoni mpaka amalize miguu. Aliangalia viatu vya mgeni, akaviangalia tena.

"Karibu, baba," alisema. "Pole kwa kutembea. Naona umetembea sana kwa mguu wa kulia."

Dhamana alicheka kwa adabu, kama mtu achekavyo asipoelewa kitu mbele ya mteja.

"Huyo Kifaru," aliendelea mama, "mguu wake wa kubania unainuka kiasi gani? Soli zangu zikipandana na ngozi ya juu zinafika unene wa kidole gumba."

"Mama yangu, usiulize Kifaru anainua mguu kiasi gani. Uliza hiyo ngozi ina ubavu gani wa kusimama mbele yake."

"Aisee!" alisema Shemeji.

"Na mwendo? Mimi nataka ya polepole. Ngozi nene ukiikimbiza, sindano inapata moto na uzi unakatika."

"Huyu anakimbia mpaka utamwomba msamaha," alisema Dhamana, kisha akaona nyusi za mama zimesogea. "Lakini ukitaka polepole, mama, anakwenda polepole kwa kasi ya ajabu."

"Aisee!" alisema Shemeji tena, na mara hii alimaanisha zaidi.

Dhamana akatoa ngozi yake. Aliipitisha mkononi mwa Shemeji aipinde, ikakataa kupindika. Akaiweka chini ya sindano, akatafuta tundu la kwanza kwa ncha ya kucha huku akiimba kidogo puani, akazungusha gurudumu. Kifaru alipiga kelele za kusagika mawe, sindano ikashuka ndani ya nta, ikapanda, ikashuka. Mstari ukatoka umenyooka. Shemeji alipiga makofi hadi mafundi wa jirani wakachungulia.

"Hebu na mimi nipitishe mstari hapa pembeni," alisema, ameshakamata gurudumu.

"Usiguse!" Kijasho chembamba kilimtoka Dhamana. "Ndugu yangu, mtambo umetoka safarini. Mstari wa kwanza ni salamu tu. Baada ya hapo lazima mafuta yatulie mpaka kesho. Ukimshtua leo, anaweza kususa maisha."

Shemeji aliondoa mkono taratibu, akamwomba Kifaru radhi.

"Na akisusa?" aliuliza Mama Buti.

"Dhamana ya maisha, mama. Yako, ya watoto, ya wajukuu. Sharti ni moja tu: usimfungue huku chini. Ukimfungua, dhamana imekufa."

Kwa mara ya kwanza Mama Buti aliyaondoa macho kwenye viatu, akamtazama usoni.

"Rudia hilo sharti, baba. Masikio yangu mazito siku hizi."

Alilirudia, akipunga kidole.

"Sharti zuri," alisema mama. "Nitalikumbuka. Bei yako nimeikubali."

Dhamana alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya nusu siku. Alikuwa na machozi tayari, na mama mgonjwa, na hadithi ya kiwanda kilichoungua. Kuikubali bei yake hivihivi ilikuwa karibu na kumtukana. Hata hivyo alimeza matusi hayo kiungwana.

"Ila hapa tuna desturi yetu," aliendelea Mama Buti. "Ilianza na baba mkwe wangu. Anayetuuzia chombo cha kushonea, tunamshonea kiatu kwa chombo hicho hicho, anaondoka amekivaa. Shemeji, msogezee mgeni kiti, avue, tumjaribu Kifaru."

Msomaji, jiweke mahali pake. Kifaru akishushwa kwenye soli halisi, isiyo na tundu hata moja, sindano itaruka vipande na saruji itatoa ushahidi.

"Mama," alisema, ameweka mkono kifuani, "mafuta hayajatulia. Na kusema kweli ningejisikia fahari zaidi kiatu changu kikipita mkononi mwako. Mashine zipo nyingi duniani. Mkono kama wako?"

"Nitakuumizia vidole vyangu leo?" Mama Buti aliviangalia vidole vyake, akapumua. "Haya. Kwa mkono, basi. Vua."

Dhamana alinyoosha mguu wa kulia.

"Cha kushoto."

"Hiki hapa kinaumwa zaidi, mama."

"Hicho kizima. Cha kushoto soli imeinuka mbele, inacheka. Au tumrudie Kifaru?"

Ilikuwa kweli kwamba soli ilicheka. Akiba iliifanya inenepe kila mwezi. Dhamana alipiga hesabu za haraka. Mshono hupita pembezoni, noti zimelala katikati, juu yake kuna ngozi. Fundi wa nje ya kiatu ana shughuli gani na ndani ya kiatu? Akakivua, akakikabidhi kwa mikono miwili, macho yakikisindikiza.

"Usikiloweke, tafadhali," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Soli kavu haishoneki, baba. Lakini kwa ajili yako nitaipitishia kitambaa kibichi tu." Akaingia nyuma ya pazia.

Dhamana aliinuka amfuate, akirukaruka kwa mguu mmoja, akakuta Shemeji amemzibia njia. Lazima nimtetee Shemeji hapa: hakuwa na hila yoyote. Alikuwa na maswali tu. Alitaka kujua kama Kifaru angeweza kushona mkanda wa trekta. Na tairi? Je, kama mtu angeleta ngozi mbili na ubao katikati? Alitaka pia kujua Kifaru anapenda kukaa upande gani wa chumba. Dhamana alijibu yote huku sikio limeelekea kwenye pazia, ambako kulisikika nyundo, halafu kimya kirefu, halafu uzi ukivutwa kwa nguvu.

Mama Buti alitoka na kiatu mkono mmoja na bunda la noti mkono wa pili.

"Kiatu kwanza," alisema.

Dhamana alikivaa kwa haraka. Unyayo wake ulikutana na unene ule ule, ugumu ule ule, mpendwa wake yupo nyumbani kwake. Roho ikamrudia. Akapokea noti, akazipitia. Bei kamili. Zilikuwa zimepinda kidogo, zina joto, na zilitoa harufu aliyoifahamu bila kukumbuka alikutana nayo wapi. Pesa ya fundi viatu isinuke viatu, inuke nini?

"Mshono huo una dhamana ya maisha," alisema Mama Buti. "Sharti moja tu: usiufungue. Ukiufungua, dhamana imekufa."

Dhamana alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, ungeifaa sana biashara yangu!"

"Naanza kuona hivyo," alisema mama.

Alifika chumbani kwake akiwa na nyimbo. Alifunga mlango, akaketi kitandani ili aunganishe pesa mpya na wenzake waliomo kiatuni. Uzi wa ndani haukuwa tena wa mapazia. Ulikuwa uzi wa nta, mishono myembamba iliyokazwa na mtu mwenye hasira ya kimya. Kisu kilipinda. Meno yalishindwa. Alipofanikiwa kuinua soli kwa bisibisi, nusu ya kiatu ilikuja nayo, na ndani akakuta vipande vya ngozi vilivyokatwa kwa umbo la mguu wake, vimepangwa kwa ustadi, unene haukuzidi wala kupungua.

Kisha akachukua noti moja kati ya zile alizolipwa, iliyopinda, akailaza ndani ya kiatu. Ilikaa sawasawa mahali pake.

Ndipo alipoelewa kwamba alikuwa ameuza mashine, rangi, saruji na nauli ya mkokoteni, akalipwa kwa pesa yake mwenyewe, na chenji akaacha dukani. Alilia. Alilia kwa sauti, na alisema kwamba dunia imejaa watu wasio waaminifu.

Siku kadhaa alisita. Akienda polisi, ingekuwa lazima aeleze pesa ilitoka wapi na kwa nini iliishi ndani ya kiatu. Mwishowe uchungu ukamshinda. Alikwenda karakanani, mguu wa kushoto ukiburuza soli iliyokatika, inapiga makofi kila hatua.

Mlangoni alisimama ghafla. Aliyekuwa amekaa pale akinywa chai alikuwa mshona maturubai wa upande wa pili wa mji, mtu wa mikono minene, ambaye mwaka jana alinunua kwake mtambo ulioitwa Nyati, akaufungua.

"Karibu," alisema mshona maturubai bila kuinuka. "Dada alisema utapita. Nyati wako yupo, namtumia kubania mlango upepo ukivuma. Ile dhamana yangu bado imekufa?"

Dhamana alitazama ndani. Kifaru alikuwa sakafuni, tumbo juu, na Shemeji, mwenye uso wa mtu aliyefiwa, alikuwa akiponda soli juu yake kwa nyundo. Kwa kazi hiyo, hakuna aliyekanusha, Kifaru alikuwa imara.

Na dirishani, kwenye mwanga, kulikuwa na mashine nyingine. Ilikuwa na sura mbaya, imechubuka rangi, mguu wake wa kubania umeinuka juu. Mama Buti alilisukuma buti chini yake, akakanyaga. Sindano ilishuka taratibu, ikapenya soli nene bila makelele, ikapanda na uzi wake. Ikashuka tena. Mikono ya mama iliongoza buti tu, imelegea, vidole vyote vimenyooka.

Alimaliza duru nzima ndipo akageuka. Aliangalia miguu kwanza.

"Mama," alianza Dhamana, "kiatu changu kilikuwa na... Yaani humu ndani kulikuwa na..."

"Na nini, baba?" aliuliza mshona maturubai, ameweka kikombe chini. "Sema bila woga. Ikibidi tutakwenda kituoni sote, na Nyati, na Kifaru. Tukodi mkokoteni."

Dhamana alifunga mdomo. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya hivyo kwa hiari.

"Kaka yangu amepata kilicho chake," alisema Mama Buti kwa upole. "Wengine wa mtaa wake waliouziwa pasi, naye amewapelekea. Kilichobaki nimekihesabu kama ujira. Ile ya kwangu, ya mashine, siku ile haikutoka kwenye sanduku. Ndiyo iliyonunua hii. Lete kiatu nikione."

Alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye uzi uliokatwa. Huzuni iliyomjia usoni ilikuwa ya kweli kabisa, huzuni ya fundi.

"Umefungua," alisema.

"Nimefungua," alikiri Dhamana.

"Ningekushonea bure maisha yako yote. Lakini ndiyo hivyo." Alirudisha kiatu. "Sasa hivi ni pesa mkononi."

Dhamana alifikiria njia ya kurudi, na mawe yake, na makofi ya soli. Akatoa noti mfukoni. Mama Buti aliinyoosha juu ya goti. Ilijikunja tena, akaiweka kwenye sanduku.

Alishona kwa mashine, polepole, wote wakitazama. Hata Shemeji aliacha nyundo. Na yule bwana, ambaye biashara ilikuwa kwenye damu yake na uchungu haukuwa umeiondoa, alijikuta ameinama karibu na ile mashine mbaya, akilipapasa gurudumu lake kwa heshima.

"Mama, hii mashine ni nzuri," alisema. "Hii nayo walikupa dhamana?"

"Haina," alijibu Mama Buti, akikata uzi. "Tuliifungua kabla hatujainunua."